Dole Gumba la Mitwali

Nagaa Sawalim, 9 Agosti 1954

Daftari hili lilikuwa la imla. Limebaki tupu tangu shule ifungwe, na kwa kuwa mwalimu asiye na wanafunzi hana wa kumkemea, nitajikemea mwenyewe humu. Maji ya mto yameanza kupanda na kuwa mekundu. Miguu ya Mama nayo imevimba, ukiibonyeza kidole kinaacha shimo.

Daktari wa Abu Tig alinivuta nje ya mlango akaninong'oneza kwamba moyo umechoka, na kwamba akifika msimu wa kupanda maharagwe tumshukuru Mungu. Alinong'ona kwa sauti ya kuamsha mtaa mzima. Mama alisikia kila neno.

Alipoondoka, Mama akaniita nikae naye. Hakulia. Alisema ana haja moja tu, ajue kama mume wake alikufa au alimwacha.

"Kama alikufa, niwekeeni matanga, watu waje wanipe pole yangu. Kama aliniacha, nijue, nife na hasira yangu. Miaka thelathini na saba, mwanangu, si mke si mjane. Nimechoka."

Nikamwambia nitatafuta. Nimeshatafuta mara mbili na sikupata kitu, lakini ungemjibu nini?

12 Agosti

Maji yamepanda shubiri moja. Mama amekula nusu mkate.

15 Agosti

Jibu la ofisi ya Kairo limefika, la tatu sasa, kama yale mawili ya mwanzo: hakuna Mitwali Abdulgalili wa Nagaa Sawalim katika orodha za vibarua wa vita.

Niandike mambo yalivyokuwa, maana nikifa nani atajua. Mwaka wa 1917 Waingereza walikuwa wakikusanya wanaume wa vijiji vyetu wawajengee reli jangwani kuelekea Palestina. Kazi hiyo sisi tuliiita Mamlaka. Walisema ni kwa hiari, na hiari yenyewe ilikuja na kamba na walinzi wa omda, mkuu wetu wa kijiji. Siku moja walichukuliwa kumi na mmoja kutoka mashambani. Wanane walirudi, lakini waligawanywa vikosi mbalimbali huko na hawakujua habari za wengine. Baba hakurudi, wala wale wengine wawili. Mimi nilikuwa na miaka miwili.

Ami Gadalla, ndugu yake Baba, amekuwa akisema tangu nipate akili kwamba kuna mtu alimwona Baba mjini Yafa, ana duka la samli na mke mweupe. Na hizi barua zinampa nguvu: kama jina lake halimo, basi hakufika kwenye Mamlaka, alitoroka njiani tu. Ninaandika hili kwa aibu, lakini mimi niliamini. Nilipokuwa msichana nilimchukia yule mke mweupe kuliko nilivyomchukia Iblisi.

Mama sikumsomea barua. Alinitazama uso akajua.

22 Agosti

Marehemu kaja na kikapu cha tende mbichi. Mama amecheka, namshukuru mzee yule kwa hilo.

Marehemu ni Khalaf Abu Raya, mwenye shamba la mfereji wa juu, mzima wa afya, na mate ya kutosha ya kusimulia kutwa. Mwaka ule wa 1918 serikali ilileta karatasi kwa omda kwamba kibarua Khalaf Abu Raya amekufa kazini. Naye Khalaf hajawahi kuvuka hata daraja la Abu Tig! Kijiji kilicheka mpaka kikaumwa mbavu, wakampa jina la Marehemu, na mpaka leo watoto wanamwamkia, "Shikamoo, Marehemu," naye anajibu, "Huku kaburini salama."

Leo Mama akamwuliza, kaburini kuna habari gani za Mitwali? Alikuwa akitania. Marehemu akaangalia tende zake, akaaga mapema.

29 Agosti

Nimepata kitu. Au nimepata tumaini, ambalo ni ugonjwa mwingine.

Mwanafunzi wangu wa zamani, Nagafa, ameolewa na karani wa polisi Kairo, kijana aitwaye Fikri. Wamekuja kula njiwa wa mama mkwe. Nikamsimulia, naye akaacha kutafuna. Akasema nimekosea tangu mwanzo kutafuta jina, kwa sababu majina waliandika maomda, na omda anaandika anachotaka. Vidole ndivyo walivyoandika polisi. Kwenye kambi ya kupokelea vibarua walipelekwa wataalamu wa alama za vidole kutoka Kairo, wakawachovya wino wanaume wale mmoja mmoja, vidole vyote kumi, ili mtu asitoroke akarudi kwa jina jingine. Karatasi zenyewe walichukua Waingereza, Mungu ndiye ajuaye ziko wapi. Lakini wataalamu walikuwa watu wetu, na mtu wa polisi akistaafu hapotei, maana ana pensheni.

"Nitakutafutia waliochovya," alisema. "Waliochovywa utawatafuta wewe, Mwalimu."

Nikampa njiwa wangu pia.

4 Septemba

Maji yamefika mtini. Barabara ya Abu Tig imebaki utepe. Mama halali chali tena, anaegemea mito mitatu.

11 Septemba

Fikri ni mtoto wa watu. Ametuma majina matatu: Afande Husni Shukri wa Tanta, Afande Abdurasuli Makawi ambaye hajulikani aliko, na Afande Labib Girgis wa Beni Suef. Nimeandika barua mbili kwa mwandiko wangu wa siku ya mkaguzi.

19 Septemba

Husni wa Tanta alikufa miaka tisa iliyopita. Binti yake, ambaye hanijui wala simjui, ameandika kurasa mbili kunifariji. Anasema baba yake hakupenda kuzungumzia jangwa. Mungu amlipe.

Mama ameuliza, "Amebaki mmoja?" Nikasema ndiyo.

25 Septemba

Shule imefunguliwa. Wasichana arobaini na sita, madawati ishirini.

30 Septemba

Kimya kutoka Beni Suef. Maji yameanza kushuka, na nayachukia kwa kushuka. Yakishakauka tutapanda maharagwe.

2 Oktoba

Labib yu hai! Ameandika mkewe, Sitt Matilda, kwa sababu mzee haoni tena, macho yote mawili yana mtoto wa jicho. Lakini anakumbuka, na ana daftari lake la wakati ule. Kuna sharti moja: "Asije na jina. Aje na kidole."

Nimesoma mstari huo mara kumi. Nitapata wapi kidole cha mtu aliyeondoka mwaka wa 1917?

3 Oktoba

Nilimwuliza Mama bila tumaini. Akanyoosha mkono chini ya godoro akatoa cheti chake cha ndoa, kimefungwa katika kitambaa. Nimezaliwa nyumba hii na sijawahi kukiona.

Pale chini, juu ya maneno "bwana harusi", pana dole gumba la zambarau. Nikashangaa. Watu wazima wa hapa wasiojua kusoma hawakuwa wakiweka dole, kila mwanamume alikuwa na mhuri wake wa shaba wenye jina. Mama akaeleza kwa fahari kidogo. Mihuri yote ya kijiji alikuwa anaiweka omda, kwenye mfuko wa ngozi, akidai wakulima wanaipoteza. Siku ya harusi yao omda alikuwa mnadani kununua nyati wa kufugwa, wa maziwa, na mfuko kaenda nao. Sheikh hakutaka kungoja, wali umeshaiva. Akamkamata Baba mkono akamgandamiza dole.

"Alinichafua gauni kwa wino ule," Mama alisema. "Nikamnunia siku mbili nzima."

Nikacheka naye, kisha kicheko kikanikauka. Omda alikuwa na mihuri ya wote. Anaambiwa alete fulani, anamleta fulani mwingine, anachukua mhuri wa yule wa kwanza anagonga karatasi. Nani wa kumbishia? Na kijiji kizima kinajua kwamba kuna mtu mmoja ambaye jina lake lilikwenda vitani na yeye akabaki. Tumemcheka miaka thelathini na sita. Mzaha mzaha, hutumbuka usaha.

Nilikwenda kwa Khalaf na viatu vya ndani. Nilimkuta anamkamua nyati. Sikumwamkia. Nilimwuliza tu, wakati ule omda alitaka nani?

Aliendelea kukamua mpaka ndoo ikajaa. Kisha akasema jina lake ndilo lililokuwa kwenye orodha. Alikuwa na miaka kumi na tisa, mwana pekee. Baba yake akampa omda ndama, akamficha yeye kwenye mnara wa njiwa siku tisa. Aliposhuka, kumi na mmoja walikuwa wameshakwenda.

"Nilijua jina langu limekwenda, Mwalimu. Nani kalivaa, wallahi sikujua. Kati ya watatu wale ni mmojawapo. Nikaogopa kuuliza. Watu walipocheka nikacheka, ikawa ndiyo njia ya kuishi."

Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika humu, kwa kuwa daftari ni la shule. Aliyapokea yote. Nilipogeuka kuondoka akasema treni ya Beni Suef ni ya alfajiri, mwanamke hawezi kwenda peke yake, atanisindikiza.

5 Oktoba

Nimemwambia Ami Gadalla habari za mihuri. Amekiri kwamba hakuna mtu aliyemwona Baba Yafa. Hadithi aliitunga yeye. Alitaka ndugu yake awe hai mahali fulani, hata kama ni mahali pa aibu. Nilikuja na hasira nikaondoka nimemkumbatia. Sijui nifanye nini na watu hawa.

Mama ana homa kidogo.

8 Oktoba, Beni Suef

Naandika nyumbani kwa Afande Labib, tumelazwa hapa kama ndugu. Nitaandika yote kwa utaratibu nisije nikaharibu.

Ni mzee mwembamba, nguo zimepigwa pasi, macho meupe kama maziwa. Khalaf alikataa kuingia, akachuchumaa mlangoni. Sitt Matilda akatupa chai na jibini la zamani, akaleta daftari lenye jalada jeusi. Mzee akaweka kiganja juu yake, hakulifungua.

Alisema walikuwa wakipokea watu mia nne kwa siku. Unamshika mtu mkono, unamwambia legeza, naye hawezi kulegeza kwa sababu anatetemeka. Baadaye alipelekwa El Arish, na homa ikaanza. Akifa mtu, kazi yake ilikuwa kulinganisha vidole vya maiti na karatasi ya kupokelewa. Vidole vilikuwa sawa kila mara. Majina ndiyo yaliyokuwa na walakini, kwa sababu wengi kabla ya kufa walimwambia mwuguzi, au mwenzao, au yeye, kwamba wanaitwa vingine. Akapeleka habari kwa wakubwa. Wakamjibu nambari inatosha.

"Kwangu haikutosha," alisema. "Kila aliyekana jina lake nilimchukulia dole gumba kwenye daftari langu mwenyewe. Arobaini na mmoja. Nikasema vita vikiisha watu wao watakuja. Binti yangu, wewe ndiye wa kwanza."

Nikatoa cheti cha ndoa. Nilidhani Sitt Matilda ndiye atakayetazama, lakini mkono wake unatetemeka, lenzi haitulii. Mzee akasema nitatazama mimi, naye atauliza. Na akamwamuru mkewe afunike maandishi ya kila ukurasa kwa karatasi, libaki dole tupu, kwa sababu mtu akishaona maneno jicho lake linaona linachokitaka.

Basi nikawa mwanafunzi tena. Mistari ya dole la cheti inazunguka, inapinda, au inaingia na kurudi ilikotoka? Inaingia na kurudi, nikasema. Inafungukia upande gani? Kushoto. Akasema weka kando yote yanayozunguka na yanayopinda. Tukafungua ukurasa baada ya ukurasa. Wakabaki kumi na saba. Wanaofungukia kushoto wakabaki tisa. Akanifundisha kuhesabu mistari kwa ncha ya sindano, kuanzia moyo wa dole mpaka pale mistari inapogawana njia tatu. La cheti lilikuwa kumi na tatu. Nilihesabu mara nne, jasho linadondoka mezani, mzee analisikia na kunikemea nisidondoshee wino wa maiti. Nilimpenda kwa kunikemea vile.

Wakabaki wawili. Nikamwambia wote ni kumi na tatu, nitawatofautisha vipi sasa.

"Tafuta kasoro," alisema. "Mungu hasahau kutia kasoro."

Nikarudi kwenye cheti. Juu ya moyo wa dole, upande wa kulia, mstari mmoja unagawanyika mara mbili, kisha unajifunga tena, unaacha kijicho kidogo kama tundu la sindano. Nikaenda kwenye dole la kwanza, hakuna kitu. Nikaenda la pili, kijicho kiko pale pale. Akaniuliza chini yake mstari wa tatu umekatika? Umekatika, kwenye yote mawili. Na baada ya mkato kuna nukta? Iko. Akaendelea kuuliza mpaka vikafika vitu kumi na viwili, na vyote vilikuwapo. Hapo akavua kofia yake akaiweka magotini.

"Matilda, mfunulie."

Nanakili neno kwa neno: "Nambari 27. Kwenye orodha: Khalaf Abu Raya, Nagaa Sawalim. Homa. El Arish, 6 Februari 1918, asubuhi. Amezikwa safu ya tatu nyuma ya mahema ya hospitali, kasaliwa na wenzake. Alisema: Hili si jina langu. Mimi ni Baba Wagida."

Wanaume wa kwetu hujiita kwa mtoto wa kiume, na asiye na wa kiume huona haya, hujiita kwa jina la ukoo. Na jina la mwanamke halitajwi mbele ya wageni. Yeye akiwa anakufa alijiita kwa jina langu. Nami nikamlipa kwa kumchukia miaka yote ile. Nililia nikiwa nimeng'ang'ania meza ya watu. Afande Labib akasema alimtafuta huyo Wagida kwa barua kwa maomda wanne wa jimbo letu, hakuna aliyejibu.

Khalaf alisikia yote pale mlangoni. Akaingia, akapiga magoti mbele ya daftari, akaomba aoneshwe jina lake lilipo. Hajui kusoma. Nikamshika kidole nikakiweka juu yake. Hasira niliyokwenda nayo zizini kwake niliitafuta, sikuipata.

9 Oktoba

Nimemwambia. Mama alinisikiliza mpaka mwisho akiegemea mito, akaniambia nirudie pale alipojiita. Nikarudia. Kisha akasema, "Fagieni ua, watu watakuja."

Sheikh akaja kumweleza kwamba eda huhesabiwa tangu siku ya kifo, kwa hiyo ya kwake imekwisha zamani, hana haja ya kuikaa. Mama akamjibu, "Nimeikaa, sheikh. Ila sikuwa nimeambiwa."

10 Oktoba

Sala ya ghaibu, ya kumsalia maiti aliyezikwa mbali, imesaliwa baada ya adhuhuri, msikiti ukafurika mpaka barabarani. Jina lilisomwa kamili: Mitwali Abdulgalili. Khalaf ndiye aliyebeba mikeka yote ya matanga, hakumruhusu mtu kumsaidia. Mtoto mmoja akamwita Marehemu kwa mazoea, na Ami Gadalla akamwambia kwa upole kwamba jina hilo limekwisha.

12 Oktoba

Siku ya tatu ya matanga. Mama aliwekwa kiti uani kati ya wanawake, akapokea pole moja moja kama mtu anayelipwa haki yake. Hata rangi ilimrudia usoni. Wametoka watu Abu Tig, wametoka jamaa za wale wawili wengine wasiorudi, wakanong'ona nami kuhusu vyeti vya zamani na madole.

Baada ya alasiri gari la kukodi likasimama. Afande Labib alishuka akishikwa na mkewe, safari yote ile, na macho yale. Aliomba apelekwe kwa mwenye msiba. Wanawake wakampisha.

Akasimama mbele ya Mama akasema pole zake, kwamba Mungu ampe subira. Mama akavuta ncha ya shela akafunika kiganja, kama mwanamke wa kwetu anavyofanya anapompa mwanamume mkono. Kisha akamwuliza, "Uligusa mkono wake?"

"Nilimshika," alisema mzee. "Vidole vyote kumi, kimoja kimoja. Mara mbili, alipofika na alipokufa."

Mama akalivuta shela akaliacha lianguke begani, akautoa mkono wake mtupu mbele ya watu wote, akaishika mikono yote miwili ya mzee. Hakuiachia upesi. Alikipapasa kidole kimoja, akakiacha, akashika kingine, mpaka vikaisha kumi, na sisi tukamngoja.